Cheti cha polisi kwa kibarua cha siku moja: Sheria yasemaje?

KILA vyuo vinapofungwa, hasa kuelekea msimu wa Krismasi, wanafunzi wengi humiminika katika maduka ya jumla, mikahawa na kampuni za mauzo kutafuta vibarua vya kuwaongezea karo na nauli. Siku hizi wengi wao hukumbana na sharti moja langoni kabla hata hawajaulizwa wanajua kufanya kazi gani: lete kwanza cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi.

Wengine huongezewa mzigo. Huagizwa walete cheti cha kulipa ushuru kutoka KRA, barua ya HELB kuhusu mkopo wa masomo, fomu ya tume ya kupambana na ufisadi EACC, ripoti ya shirika la kurekodi madeni na barua ya chifu. Ni rundo la stakabadhi ambalo lingemtosha mtu anayewania ugavana, ilhali kazi yenyewe ni kupanga unga na sabuni rafuni kwa majuma mawili.

Rundo hilo lina chimbuko lake. Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 iliweka masharti ya uongozi na uadilifu kwa maafisa wa serikali, yaani watu wa ngazi ya mawaziri, majaji, wabunge na makamishna. Idara za umma zikaanza kudai stakabadhi hizo kwa yeyote anayeomba kazi, hata ya ukarani. Kampuni za kibinafsi nazo zikaiga. Hivyo kipimo kilichokusudiwa wakubwa kikateremshwa ngazi moja baada ya nyingine hadi kikamfikia mwanafunzi anayetafuta kazi ya kuosha vyombo hotelini.

Cheti cha polisi hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Mwombaji hujisajili katika mtandao wa eCitizen, hujaza maelezo yake, hulipa, kisha huchapisha fomu inayojulikana kama C24. Baada ya hapo hulazimika kufika mwenyewe katika kituo cha Huduma kinachotoa huduma hiyo, au katika makao makuu ya DCI kwenye Barabara ya Kiambu, Nairobi, akiwa na kitambulisho chake ili alama za vidole vyake zichukuliwe. Alama hizo hulinganishwa na rekodi za wahalifu, na hatimaye cheti hupatikana kupitia mtandao uo huo.

Ada ya cheti hicho kwa miaka mingi imekuwa Sh1,000, mbali na nauli, gharama ya kuchapisha fomu na siku nzima inayopotea kwenye foleni. Agizo la serikali la 2024 kuhusu mishahara liliweka kiwango cha chini cha mfanyakazi wa kawaida katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Ukigawa kiasi hicho kwa siku 26 za kazi, unapata takriban Sh620 kwa siku. Kwa hivyo kibarua atafanya kazi zaidi ya siku moja na nusu kabla ya kurejesha ada ya cheti peke yake, na hapo hajala wala kulipa matatu.

Aliyeitwa kazini siku tatu amefanya kazi ili athibitishe kwamba anastahili kufanya kazi.

Ni kutokana na malalamishi ya aina hii ambapo aliyekuwa mbunge maalum, Bw Gideon Keter, aliwasilisha mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira ya 2007. Marekebisho hayo yalikuwa sheria mnamo 2022. Kifungu cha 9 sasa kinasema kuwa mwajiri hatamtaka mtu anayetafuta kazi awasilishe cheti chochote cha kuidhinishwa, isipokuwa kama mwajiri huyo ananuia kuandikiana naye mkataba wa ajira. Mwajiri naye hakuachwa bila kinga, kwani anaruhusiwa kuiondoa nafasi aliyotoa iwapo mhusika atashindwa kutimiza masharti ya vyeti vinavyohitajika.

Maneno hayo machache yamebadilisha mpangilio mzima. Zamani cheti kilitangulia na kazi ikafuata, ikiwa itafuata. Sasa nafasi ya kazi inafaa kutangulia, kisha cheti. Watu mia moja wanaowania nafasi tano hawana sababu ya kutumia Sh100,000 baina yao ili 95 warudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa kibarua, sheria hiyo ina uzito zaidi ya inavyodhaniwa, na hili ndilo jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui. Sheria ya Ajira inamfafanua mfanyakazi wa kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa kila siku, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Mkataba wa maandishi ni wa lazima pale ambapo kazi inafikia jumla ya miezi mitatu au zaidi. Basi mwajiri anayesema, "Wewe ni kibarua tu, hapa hatuandikiani," kisha papo hapo anadai cheti cha polisi, anajipinga mwenyewe. Kama hana nia ya kuandika mkataba, sheria haimpi nafasi ya kudai cheti. Kama anataka cheti, basi na aandike mkataba.

Tena kuna Kifungu cha 37. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, hahesabiwi tena kuwa kibarua. Anakuwa mwajiriwa mwenye haki za mwajiriwa. Mwanafunzi anayefanya kazi likizo nzima dukani anafaa kukikumbuka kifungu hiki kuliko hata kile cha vyeti.

Haya hayana maana kwamba ukaguzi wa mienendo ni uonevu. Mwenye duka aliyewahi kuibiwa na watu aliowaamini ana sababu ya kuuliza. Na ziko kazi ambazo ukaguzi ni lazima, hata kama ni za muda mfupi. Mlinzi wa kampuni ya ulinzi anasimamiwa na Sheria ya Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016, inayotaka usajili na uchunguzi. Dereva wa gari la abiria haruhusiwi kubeba watu bila kuthibitishwa. Anayeshughulikia chakula hotelini anahitaji cheti cha afya, kinachofanywa upya kila baada ya miezi sita, na hicho hakihusiani na tabia bali usalama wa mlaji.

Muhimu kuliko zote ni kazi za kukaa na watoto. Mwanafunzi wa chuo anayefunza watoto nyumbani kwao jioni, anayesimamia kambi ya likizo au anayesaidia katika kituo cha malezi huachiwa watoto wasioweza kujitetea. Kwa walimu, tume ya TSC hudai cheti cha polisi kabla ya kuwasajili. Ajabu ni kwamba mwalimu wa ziada anayeitwa nyumbani kwa simu haulizwi lolote, huku anayebeba magunia sokoni akidaiwa stakabadhi tano. Ukaguzi umekuwa mkali mahali hatari ilipo ndogo, na ukalegea mahali ilipo kubwa.

Ripoti ya madeni nayo haina maana kwa kibarua wa aina hii. Mwanafunzi huanza kudaiwa na HELB mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kwa hivyo kumuuliza aliye mwaka wa pili kama amelipa ni kumdai kabla ya siku ya deni. Kuhusu mikopo ya simu, kanuni za 2020 za mashirika ya kurekodi madeni zilizuia wakopeshaji kuwasilisha majina ya wanaodaiwa chini ya Sh1,000, na zikaagiza cheti cha kwanza cha kuidhinishwa kitolewe bila malipo. Anayetozwa kwa cheti chake cha kwanza anafaa kuuliza sababu.

Kuna wanafunzi ambao hofu yao si ada bali kile ambacho cheti kitasema. Mnamo 2021, shule zilipokumbwa na visa vya ghasia na uchomaji wa mabweni, DCI ilionya kuwa makosa ya wanafunzi yangehifadhiwa na kuonekana katika vyeti vyao vya maadili baadaye. Onyo hilo lilizua maswali, kwani Sheria ya Watoto ya 2001 iliyotumika wakati huo ilikataza hata kutumia maneno "kutiwa hatiani" na "hukumu" kwa mtoto aliyefikishwa katika mahakama ya watoto. Hofu hiyo ilirejea baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, ambapo vijana wengi walikamatwa na baadhi yao kuachiliwa bila kushtakiwa.

Kukamatwa si kupatikana na hatia. Kifungu cha 50 cha Katiba kinamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Aliyeachiliwa na mahakama anashauriwa kujipatia nakala ya uamuzi huo na kuihifadhi vyema, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayomsaidia iwapo rekodi ya zamani itajitokeza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kutaka maelezo yasiyo sahihi kumhusu yarekebishwe.

Sheria hiyo ya 2019 inamgusa mwajiri pia. Anayekusanya nakala za vitambulisho, alama za vidole na vyeti vya watu anatakiwa kuwaeleza anavikusanya kwa nini, kuvitumia kwa sababu hiyo pekee na kutovihifadhi kuliko inavyohitajika. Bahasha za walionyimwa kazi, zilizorundikwa chini ya meza ya mlinzi ambapo yeyote aweza kuzifungua, ni kosa linalosubiri mlalamishi. Vilevile, Sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi ili apate kazi, na Sheria ya Ajira inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito. Maswali hayo mawili hayana nafasi katika ukaguzi wowote, hata ukipewa jina la uchunguzi wa kiafya.

Matapeli nao wameingia kupitia mlango huo huo wa vyeti. Mwanafunzi hupokea ujumbe kwamba amepata kazi, atume Sh1,500 "ashughulikiwe cheti cha polisi" haraka. Cheti halisi hakipatikani kwa njia hiyo: mwombaji hulipa kupitia eCitizen kwa jina lake, na ni lazima vidole vyake mwenyewe vichukuliwe. Anayeahidi kukileta bila vidole anauza karatasi ghushi, na atakayeiwasilisha kwa mwajiri ndiye atakayejibu mashtaka ya kughushi.

Mwanafunzi anayedaiwa stakabadhi kabla ya kupewa nafasi anaweza kumwomba mwajiri, kwa adabu, amthibitishie kwanza kwa maandishi kwamba kazi ipo. Akikataliwa kwa sababu hiyo, malalamishi hupelekwa kwa afisa wa leba katika kaunti. Kama suala ni matumizi mabaya ya maelezo yake, ofisi ya Kamishna wa Data ndiyo inayohusika, na sheria inaitaka ikamilishe uchunguzi wa lalamishi katika muda wa siku 90.