Vila ya shambani: Starehe ya mgeni na maji ya jirani

VILA ya likizo ikitajwa Malindi, fikira za wengi huenda moja kwa moja ufuoni: kuta nyeupe, paa la makuti na bahari mbele ya baraza. Picha hiyo ina historia. Waitaliano walianza kuuzoea mwambao huu miaka ya 1960, kilipojengwa kituo cha anga cha Ngomeni, ambako setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la baharini mnamo Aprili 1967.

Kakuyuni ni Malindi ya upande wa pili. Wadi hiyo iko bara, magharibi mwa mji, katika njia ya kuelekea Jilore, Lango Baya na lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki. Ni nchi ya minazi, mikorosho, miembe na mahindi. Anayetafuta utulivu ana sababu ya kuvutiwa nayo. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 420, hauko mbali, na ng'ambo ya Mto Sabaki kuna korongo la Marafa, ambalo wenyeji huliita Nyari.

Hata hivyo, nyumba ya likizo shambani si hoteli iliyopunguzwa ukubwa. Starehe zake hutoka mahali pale pale inapotoka riziki ya majirani.

Maji kwanza

Kidimbwi cha kuogelea chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha mita 1.5 hujazwa na lita 48,000. Hiyo ni mitungi 2,400 ya lita 20. Visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, husukuma maji hadi Malindi, Kilifi na Mombasa, ilhali katika vijiji vingi vya bara akina mama bado huteka maji kwa mitungi. Mwenye vila asiyejiwekea akiba yake huishia kushindana nao.

Funzo liko visiwani Komoro. Ngazidja ni kisiwa cha milima chenye volkano ya Karthala, yenye kimo cha mita 2,361. Licha ya mvua nyingi, mawe yake ya volkano hufyonza maji na hakuna mito ya kudumu, hivyo watu wamejenga matangi ya kukinga mvua. Paa la bati lenye eneo la mita mraba 100 hupokea lita 1,000 kwa kila milimita 10 za mvua. Makuti hupendeza na huleta ubaridi, lakini hayafai kwa kazi hiyo, na huhitaji uangalifu mkubwa dhidi ya moto.

Ardhi na leseni

Jambo la pili ni sheria. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Kuhusu mashamba, masharti ni makali zaidi: uuzaji au ukodishaji huhitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na bodi hiyo hairuhusiwi kuitoa kwa mgeni, isipokuwa Rais amemwondolea sharti hilo. Sheria inauhesabu mkataba usio na idhini kuwa batili. Familia inayokubali kuuza shamba kwa njia ya mkato, kwa jina la rafiki wa mnunuzi, hujitafutia kesi ya miaka mingi.

Njia salama zaidi ni mwenye shamba kujenga mwenyewe, kisha kupangisha nyumba kwa siku au wiki huku hati ikibaki mkononi mwake. Naye pia hana budi kupata leseni, kwani Sheria ya Utalii ya 2011 inazihusu hata nyumba ndogo zinazolaza watalii kwa malipo.

Mgeni naye, kabla ya kulipa, yafaa aulize mambo manne: maji yanatoka wapi, barabara hupitika wakati wa masika, leseni ipo, na wapishi na walinzi wameajiriwa kutoka kijiji kipi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa ujio wa mgeni umemkaushia kisima na kumpokonya shamba.