Afya ya akili: Mazoezi ya kupumua yaletea nafuu wanajeshi waliotoka vitani

Vita inaweza kuisha mlimani na kuendelea ndani ya mwili wa askari. Mlango ukifungwa kwa kishindo, moyo unapiga mbio, jasho linatoka, mkono unatafuta silaha isiyokuwepo tena. Usiku, ndoto zinamrudisha kwenye mapigano. Waganga wanaita ugonjwa huo kiwewe cha vita.

Inchini Marekani, watafiti wa chuo kikuu cha Wisconsin-Madison walijaribu kuutuliza kwa pumzi. Walichukua wanaume 21 waliopigana Irak ao Afghanistan. Kumi na mmoja walifundishwa Sudarshan Kriya, mazoezi ya kupumua ya yoga kutoka India, masaa matatu kila siku kwa muda wa siku saba. Wengine kumi waliwekwa kwanza pembeni ili kulinganisha. Matokeo yalitolewa mwaka 2014: kwa waliofanya mazoezi, dalili za kiwewe na wasiwasi zilipungua, na nafuu hiyo ilionekana hata mwaka mmoja baadaye.

Kundi hilo lilikuwa dogo. Ndiyo maana utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2022, ulichukua wanajeshi wa zamani 85 huko California. Mazoezi hayo yalilinganishwa na matunzo ya mazungumzo yanayotumiwa sana kwa wanajeshi. Baada ya majuma sita, mazoezi hayakuonekana kuwa nyuma.

Sababu iko mwilini. Mwenye hofu anapumua haraka haraka. Akitoa pumzi polepole, mshipa wa fahamu unaofika moyoni unapunguza mapigo. Hakuna anayeweza kuamuru moyo wake utulie, lakini pumzi inaamuriwa.

Faida nyingine: askari halazimishwi kusimulia aliyoyaona ao aliyoyatenda. Wengi wananyamaza kwa haya, ao kwa kuogopa kuitwa waoga.

Hata hivyo, kusimulia kuna nguvu yake. Mjini Goma, watafiti wa chuo kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliwasaidia wapiganaji wa zamani kusimulia maisha yao hatua kwa hatua, na matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha nafuu. Pumzi inaweza kumtuliza mtu mpaka aweze kusema. Haichukui nafasi ya muganga.

Zoezi rahisi halina bei: kaa wima, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, kwa dakika tano. Ukisikia kizunguzungu, acha. Mazoezi ya kupumua kwa kasi yanahitaji mwalimu.