Bure na Huru: Programu Zinazoiga Huduma za Wingu

Neno "wingu" limeingia katika lugha ya kompyuta likiwa na maana iliyo mbali kabisa na mvua. Humaanisha kompyuta za kampuni fulani, zilizowekwa katika majumba makubwa mbali na mtumiaji, ambazo mtu hukodishiwa sehemu ya nguvu zake kupitia intaneti. Kampuni ya Amazon ilifungua ghala lake la faili, liitwalo S3, mwezi wa Machi 2006. Microsoft na Google zikafuata na huduma zao. Makala haya yanakusudia kueleza namna mwanafunzi anavyoweza kuandika na kujaribu programu za wingu akiwa hana akaunti huko, na kwa nini leseni ya chombo anachokitumia ni jambo la kuchunguzwa mapema.

Tuchukue mfano. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinataka kuhifadhi rekodi za ngano na vitendawili vilivyokusanywa nyanjani. Mwandishi wa programu ataanza kwa kuunda kile ambacho Amazon hukiita ndoo (naam, kwa maana ile ile ya chombo cha kuchotea maji), kisha atatumbukiza rekodi humo. Mtumiaji wa S3 hutozwa kwa ukubwa wa anachokihifadhi, kwa idadi ya maombi anayoyatuma, na kwa data inayotolewa nje kwenda intaneti. Kwa hiyo, kosa dogo la mwanagenzi, kwa mfano maagizo yanayojirudia bila kikomo, laweza kutuma maombi maelfu kwa maelfu usiku kucha, na kila moja likahesabiwa. Isitoshe, kufungua akaunti kwa kawaida hudai kadi ya benki. Wanafunzi wengi hawana kadi hiyo, na walio nayo wana haki ya kuogopa.

Hapo ndipo programu za kuiga zinapohitajika. Utendakazi wake ni mwepesi kuueleza. Programu inayotaka kuweka faili katika S3 hutuma ombi kwa anwani ya Amazon kwa kufuata utaratibu uliokwisha kutangazwa: ombi liandikwe hivi, jibu litarudi vile. Programu ya kuiga huketi ndani ya kompyuta ya mwanafunzi, ikapokea ombi lile lile na kurudisha jibu la sura ile ile. Kinachobadilika ni anwani tu. Badala ya kuelekea ng'ambo, ombi huishia humo humo mezani, hata intaneti ikiwa imekatika. Funguo za siri nazo huwa za kubuni, kwa kuwa hakuna mlango wa kweli unaofunguliwa.

Vyombo hivi havifanani. LocalStack, iliyochipuka katika kampuni ya Atlassian na msimbo wake kutolewa hadharani mwaka wa 2017, huiga huduma nyingi za Amazon kwa pamoja kupitia mlango mmoja, nambari 4566. Moto ni maktaba ya lugha ya Python. Huyanasa maombi kabla hayajatoka nje ya programu, na jaribio likiisha ndoo zote hutoweka. Microsoft yenyewe hutoa Azurite kwa ajili ya ghala la Azure. MinIO ni seva kamili ya kuhifadhia faili ambayo imejifunza kusema "lugha" ya S3.

Hata hivyo, kuiga si kuwa. Moto, kwa hali yake ya kawaida, haikagui ruhusa: kila anayebisha hufunguliwa. Programu iliyofaulu majaribio yote nyumbani yaweza kukataliwa inapofika kwa Amazon, kwa sababu tu mwenye kuiandika hakuipa idhini ya kusoma ndoo. Gharama na kasi ya mtandao nazo haziigwi.

Sasa tuje kwenye leseni. Waingereza wana neno moja, "free", kwa maana mbili, na Richard Stallman, aliyeanzisha Free Software Foundation mwaka wa 1985, amelazimika kulifafanua mara nyingi. Kiswahili hakina tatizo hilo: tuna bure na tuna huru. DynamoDB Local, programu ambayo Amazon huitoa ili kuiga hifadhidata yake, ni bure lakini si huru. Msimbo wake haukutolewa. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake waweza kusomwa, kubadilishwa na kusambazwa. Ni uhuru huo uliowezesha mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa OpenOffice kwa Kiswahili mwaka wa 2004.

Uhuru huo nao hauna budi kulindwa, maana wenye mali hubadili nia. MinIO ilihama kutoka leseni ya Apache hadi AGPL mwaka wa 2021, na mwaka wa 2025 ikaondoa shughuli nyingi za usimamizi katika ukurasa wa toleo lake la bure. Mwishoni mwa mwaka huo huo, wenye LocalStack walitangaza kwamba kuanzia 2026 mtumiaji atatakiwa kujisajili kwanza. Lakini msimbo uliokwisha kutolewa chini ya leseni ya Apache haurudishwi kabatini: yeyote aweza kuchukua toleo hilo na kuliendeleza, ingawa kazi ya kuliendeleza ni nzito kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa chama cha mfano wetu, ningependekeza Moto. Leseni yake ni ya Apache, haihitaji usajili, na ndoo ndiyo huduma pekee inayotakikana. Kadi ya benki itatafutwa siku rekodi zenyewe zitakapokuwa tayari kupandishwa.