Mashine ya Kutetemesha Mwili: Nani Apande, Nani Asipande?

Huenda umekwisha kuiona mashine hii katika jumba la mazoezi, dukani, au sebuleni kwa jirani. Ni kibao kipana cha umeme kinachokaa sakafuni. Mtu husimama juu yake, huiwasha, na mwili wote hutetemeka kuanzia nyayo hadi mabegani. Baadhi ya wauzaji husema kwamba dakika 10 juu yake ni sawa na saa nzima ya mazoezi, na kwamba huyeyusha kitambi, hushusha presha na kuondoa uvimbe wa miguu.

Sisi wauguzi tunaojitolea kupima presha na sukari kanisani huulizwa mara nyingi juu ya mashine hii. Hatushangai. Mama mwenye watoto wadogo na kazi zisizokwisha hapati nafasi ya kwenda kutembea, kumbe hapa anaambiwa kwamba afya inapatikana nyumbani huku maharage yakiiva jikoni. Lakini bei yake si ndogo, na tena kuna wanawake ambao mashine hii yaweza kuwaletea hatari kubwa. Kwa hiyo tumeona vema tueleze faida zake na mipaka yake.

Inafanyaje kazi?

Kibao hutikisika upesi sana. Mashine nyingi hutikisika kati ya mara 20 na 40 kwa sekunde moja, kwa umbali wa milimita chache tu. Nyingine hupanda na kushuka kwa usawa, nyingine hubembea kama mizani, mguu wa kulia ukipanda wa kushoto ukishuka. Kila mtikisiko huvuta misuli kidogo, nayo hujikaza yenyewe ili kuulinda mwili usianguke. Ndiyo maana mtu aliyesimama tu huhisi mapaja yake yamefanya kazi.

Faida zake ni zipi?

Faida iliyo wazi zaidi ni kwa misuli ya miguu na kwa uwezo wa kusimama imara, hasa kwa wazee na kwa watu wasioweza mazoezi magumu. Katika utafiti uliofanyika Berlin, Ujerumani, kuanzia mwaka 2003, vijana wa kiume walilala kitandani kwa wiki 8 mfululizo. Waliofanya mazoezi ya nguvu kwa mashine ya kutetemesha walihifadhi misuli na mifupa ya miguu yao vizuri kuliko wale waliolala tu. Tuangalie hapo: walifanya mazoezi pamoja na mtetemo, hawakuachia mashine kazi yote.

Kuhusu mifupa ya wanawake waliokoma hedhi, majibu hayalingani. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza mwaka 2004 kwamba baada ya miezi 6 ya mazoezi juu ya kibao, uzito wa mfupa wa nyonga uliongezeka kwa kiasi kisichofika asilimia 1. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Toronto, Kanada, walitoa matokeo ya wanawake 202 waliofuatwa kwa miezi 12. Waliosimama kila siku dakika 20 juu ya kibao chenye mtetemo hafifu hawakupata nafuu ya mifupa kuliko wenzao wasiokitumia. Kwa hiyo mama aliyepewa dawa za mifupa asiziache kwa sababu amenunua mashine.

Kitambi na presha

Mashine hii haiyeyushi mafuta ya tumbo. Nguvu inayotumika ukisimama tu juu yake ni ndogo. Mafuta hupungua kwa kurekebisha chakula na kuushughulisha mwili wote. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atembee kwa haraka, au afanye kazi nyingine inayofanana na hiyo, kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Mashine yaweza kusaidia hayo ya misuli, lakini haitembei kwa niaba yako. Na vidonge vya presha au sukari visiachwe kamwe bila neno la daktari.

Nani asipande?

Hapa ndipo tunapoomba usome kwa makini. Jioni moja mama mmoja aliyejifungua wiki tatu zilizopita alitujia akiwa na mtoto mgongoni. Alisema, "Dada, mguu wangu umevimba. Jirani ana ile mashine, anasema inasukuma damu, uvimbe utashuka. Nipande mara ngapi kwa siku?" Tulimwomba akae, tukaitazama miguu yake. Mmoja tu ndio uliovimba, shavu lake lilikuwa la moto na liliuma likiguswa. Hatukumpima presha na kumwacha aende nyumbani. Tulimtafutia gari la kumpeleka hospitali usiku ule ule. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Bonge la namna hiyo likichomoka na kufika mapafuni laweza kuua kwa dakika chache. Alitibiwa, akapona, na leo mtoto wake anatembea.

Basi wafuatao wasipande:

- Mama mjamzito.
- Mwenye damu iliyoganda mguuni, au mwenye mguu mmoja uliovimba na kuuma ambao haujachunguzwa.
- Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, au ugonjwa mkali wa moyo.
- Aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, hata wa kujifungua, au aliyevunjika mfupa.
- Mwenye kifafa, ngiri, vijiwe vya figo au vya nyongo, au maumivu makali ya mgongo.

Aliyewekewa kitanzi hivi karibuni, mwenye kiungo cha bandia, mwenye ugonjwa wa macho, na mwenye kisukari kilichoharibu miguu au macho, waulize kwanza kituoni. Aliyejifungua asubiri uchunguzi wa wiki 6, na hata hapo aulize kama misuli inayoshikilia kibofu na kizazi imepata nguvu.

Namna ya kuitumia kwa usalama

Weka mashine mahali pakavu na tambarare. Shika mikono yake, au simama karibu na ukuta. Kunja magoti kidogo. Ukinyoosha magoti kabisa, mtetemo hupanda hadi kichwani na kukuletea maumivu na kizunguzungu. Anza na mwendo wa chini kabisa kwa sekunde 30, pumzika dakika 1, kisha rudia mara chache. Baada ya wiki kadhaa unaweza kufikia dakika 10 hadi 15 kwa jumla, pamoja na mapumziko, mara 2 au 3 kwa wiki. Shuka mara moja ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kifua au macho kuona ukungu. Watoto wasiachwe kuichezea.

Usidhani kwamba mtetemo mwingi ndio wenye faida nyingi. Wake wa madereva wa malori na matrekta wanajua jinsi waume zao wanavyorudi nyumbani na maumivu ya kiuno. Kutikiswa saa nyingi kila siku ni mojawapo ya mambo yanayowaumiza migongo.

Kabla ya kutoa fedha

Omba kuijaribu dukani. Tazama kama haitelezi na kama inaubeba uzito wako. Mashine iliyotumika kutoka Marekani huenda imetengenezwa kwa umeme wa volti 120, nao wa kwetu ni wa 230 au 240, kwa hiyo yaweza kuungua siku ya kwanza.

Na kama fedha hazipo, mama, usisikitike. Kaa juu ya kiti imara, simama bila kujishika, kisha kaa tena, mara 10 asubuhi na mara 10 jioni. Tembea kwa haraka hadi sokoni. Panda ngazi. Misuli ya mapaja haiulizi bei ya kifaa. Lakini kama mguu mmoja umevimba, usitafute mazoezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.