Kabla ya Kuitupa Mashine ya Majani

Majira ya baridi yamekwisha, majani yameota nyuma ya nyumba zetu, na katika mabanda mengi hapa Uingereza imo mashine ya kukatia majani iliyolala tangu mwezi wa Oktoba. Mwenye nyumba huitoa, akavuta kamba mara ishirini, akaghadhibika, kisha akaiweka kando ya njia ichukuliwe na wazoa taka. Leo, ndugu wasomaji, tungependa kuitetea mashine hiyo, kwani aghalabu haijafa.

Mwaka uliopita alitujia kijana wa jirani yetu akiikokota yake.

"Shikamoo mwalimu. Fundi amesema haifai tena, ninunue nyingine."

"Marahaba, mwanangu. Je, ameifungua?"

Hakuifungua. Kijana huyo huwakatia majani wazee wa mtaani kila Jumamosi, na ujira wake humsaidia mamake kulipia umeme. Bei ya mashine mpya ilikuwa sawa na ujira wake wa miezi miwili. Nasi tulikuwa tumesomesha fizikia miaka mingi, tukichora ubaoni silinda na pistoni, lakini kwa haki ya Mungu hatukuwa tumewahi kuifungua injini hata moja. Tuliona haya kukataa.

Injini hizi nyingi ni za mapigo manne, kwa kanuni ileile aliyoifanikisha Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876: kuvuta hewa na petroli, kubana, kuwaka, na kutoa moshi. Basi injini isiyowaka huulizwa maswali machache tu. Je, inapata petroli? Inapata hewa? Inapata cheche? Na je, inabana sawasawa?

Kabla hatujauliza lolote, kijana aliinamisha mashine akapeleka mkono chini kuondoa majani yaliyogandamana kwenye kisu. Tulipiga ukelele. Kisu kimefungwa kwenye mhimili wa injini. Ukikizungusha kwa mkono unaizungusha injini yenyewe, nayo yaweza kuwaka vidole vyako vikiwa hapo. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuchomoa waya wa plagi na kuuweka mbali. Tena kazi ifanyike nje, injini ikiwa imepoa, bila ya sigara wala moto karibu. Ukiinamisha mashine, upande wa chujio la hewa uelekee juu, ili oili isimwagikie humo.

Baada ya hapo tulifanya kosa: tulikimbilia dukani kununua plagi mpya, na mashine ikagoma vilevile. Haraka haraka haina baraka. Ndipo tuliporudi kwenye utaratibu. Tulivuta kamba mara kadhaa, kisha tukachomoa waya na kuifungua plagi kuitazama. Plagi iliyolowa petroli huonyesha kuwa mafuta yanafika, na kasoro huenda ni ya cheche, au mafuta yamezidi. Yetu ilikuwa kavu. Petroli haikuwa ikifika, na plagi ya zamani haikuwa na hatia.

Tulifungua tangi na kunusa. Petroli huanza kuchakaa baada ya mwezi mmoja hivi, na ile ya mwaka jana ilinuka kama rangi ya mbao. Isitoshe, tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza huweza kuwa na ethanoli hadi asilimia 10, nayo ethanoli hunyonya unyevu. Katika kikombe cha kabureta tulikuta utando wa rangi ya asali, na kijitundu chembamba cha kupitishia mafuta kimezibwa. Tulimwaga petroli yote katika kopo, tukasafisha kabureta kwa dawa yake ya kupuliza, tukakung'uta vumbi la chujio la karatasi, tukapima oili, tukatia petroli mpya. Mvuto wa tatu, injini ikanguruma. Mama wa kijana alichungulia dirishani.

Yako mambo ya kumwachia fundi. Ikiwa kisu kiligonga jiwe na tangu hapo mashine inatetemeka au kamba inarudi kwa nguvu, huenda mhimili umepinda, au kile kipande kidogo cha chuma kinacholishikilia gurudumu la juu la injini kimekatika. Na injini isiwashwe kamwe ndani ya banda: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Ikifika Oktoba, iache mashine ifanye kazi mpaka petroli iishe ndipo uihifadhi. Petroli chakavu isimwagwe mferejini. Iulizie halmashauri yako mahali pa kuipeleka.

Kijana yule bado anakata majani, na plagi ya zamani tumeirudisha mahali pake. Ile mpya tunayo sisi, ndani ya sanduku lake. Mwenye mashine iliyogoma na azungumze nasi baada ya sala ya Ijumaa, na huenda, inshaallah, tukaifungua pamoja. Ujira wetu ni kikombe cha chai.