Unguja Peke Yake Si Visiwa

Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000 kutoka nje, na walio wengi hawakuvuka Unguja na vijisiwa vya jirani yake. Walilala Mji Mkongwe usiku mmoja au miwili, wakaenda Nungwi au Paje, wakapelekwa Changuu kuwatazama kobe wakubwa (ambao nao ni wageni, maana wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919), wakapitia msitu wa Jozani kuwaona kima punju, kisha wakarudi uwanja wa ndege. Watalii wa karibu kutoka Dar es Salaam, Arusha au Mombasa hawako mbali na mtindo huo. Sina ugomvi na mtu aliyekuja kupumzika. Bahari ya Nungwi haijamkosea yeyote. Lakini anayesema anataka kuvijua visiwa anastahili kuambiwa ukweli: kuzunguka fukwe tano za kisiwa kimoja ni kuona kitu kilekile mara tano. Unguja, Pemba na Mafia, pamoja na visiwa vidogo vinavyozizunguka, havifanani, na tofauti zake ndizo zinazofaa kumwongoza mgeni anapopanga safari. Kipimo kizuri cha tofauti hizo hakimo katika vipeperushi vya mahoteli. Kimo chini ya maji, katika kina cha bahari inayokitenga kila kisiwa na bara.

Mkondo ulio kati ya Unguja na bara ni wa maji haba, kina chake ni makumi ya mita tu. Miaka 20,000 hivi iliyopita, katika zama za barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa leo kwa mita zipatazo 120, kwa hiyo mkondo huo ulikuwa nchi kavu. Ushahidi upo Unguja kwenyewe. Katika pango la Kuumbi, kusini mashariki, karibu na Jambiani, wanaakiolojia wamechimbua zana za mawe za watu wa kale pamoja na mifupa ya punda milia na nyati, wanyama wa mbuga ambao kamwe hawakuogelea kutoka Bagamoyo. Bahari ilipopanda tena, Unguja ikatengwa na bara ikiwa na wanyama wake ndani. Wakubwa wakapotea kadiri nchi ilivyokuwa finyu. Wakabaki kima punju, paa nunga, na chui wa Unguja ambaye wengi sasa wanaamini kwamba ametoweka. Mafia, iliyo kilomita 20 hivi kutoka delta ya Rufiji, nayo imekaa juu ya ukingo huohuo wa bara. Pemba ina habari nyingine kabisa. Kati yake na bara bahari inashuka hadi mita 800 hivi, na hata maji yalipopungua kuliko wakati wowote wa zama zile, Pemba ilibaki kisiwa. Wataalamu wengi huhesabu upweke wake kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana haikuwa na chui, na ndiyo maana ina ndege wanne wasiopatikana kwingine kokote duniani: ninga wake, bundi wake mdogo, chozi wake na ndege-macho-meupe wake. Ina pia popo wake mkubwa alaye matunda, ambaye alikuwa amewindwa hadi kukaribia kwisha kabla wanakijiji wa mahali kama Kidike hawajaanza kumlinda. Mgeni anayeingia msitu wa Ngezi huko Pemba baada ya kutoka Jozani atadhani amebadilisha msitu tu. Ukweli ni kwamba ametoka katika kipande cha bara kilichomezwa na bahari akaingia katika kisiwa cha tangu kale.

Mtu anaweza kusema kwamba habari za miamba na mifupa ni za wasomi, na mgeni wa kawaida anataka kujua ataona nini na atakula nini. Basi tuangalie udongo, maana udongo ndio ulioamua watu wakae wapi na wafanye kazi gani. Unguja ina nusu mbili. Magharibi na katikati kuna udongo mzito, na huko ndiko mashamba makubwa ya mikarafuu na minazi yalikowekwa katika karne ya 19, wakati wa masultani wa asili ya Oman. Mashariki na kusini ni nchi ya mawe ya matumbawe yenye udongo mwembamba uliojificha mashimoni. Wenye mashamba hawakuitamani, wenyeji wakaendelea kuishi humo kwa uvuvi na kilimo cha kupokezana. Leo nchi hiyohiyo iliyodharauliwa ndiyo yenye hoteli nyingi, kwa sababu imezungukwa na mwamba wa bahari unaokinga maji na kuacha mchanga mweupe. Bamvua linapotoka, bahari hurudi nyuma mbali sana, na wanawake huingia kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara huko mwaka 1989. Mgeni asiyejua mambo ya bamvua na maji mafu hulalamika hotelini kwamba bahari imeondoka. Angeuliza siku moja kabla, angejua saa ya kuogelea na saa ya kutembea.

Pemba ina vilima vya karibukaribu na mabonde yenye maji, mvua nyingi kuliko Unguja, na pwani ya magharibi iliyochanwachanwa na hori zenye mikoko. Karafuu iliyoipa Zanzibar jina duniani kwa sehemu kubwa ni ya Pemba, na sababu mojawapo ni kimbunga cha mwaka 1872. Kimbunga hicho kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, na tangu hapo uzito wa zao ulihamia kaskazini, usirudi tena. Kwa hiyo yule anayelipia safari ya viungo Unguja, akanusishwa mdalasini na kuvishwa kofia ya majani ya mnazi, anaonyeshwa maonyesho. Nayo yana raha yake, siyakatai. Karafuu yenyewe kama kazi na riziki ya watu iko barabara za Wete na Chake Chake wakati wa mavuno, ikianikwa juu ya majamvi mbele ya nyumba, ikipimwa katika vituo vya shirika la serikali lenye haki ya kuinunua, na makonyo yake yakipelekwa kiwandani kukamuliwa mafuta. Harufu ile haihitaji mtembeza wageni.

Mafia nayo imeshikwa na mto. Rufiji humwaga maji ya tope na rutuba katika mlango wa bahari ulio kati yake na bara, viumbe vidogo vya majini hustawi, na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hufuata chakula hicho. Kuanzia Oktoba hadi Machi huonekana karibu na Kilindoni, wakati mwingine katikati ya mashua za wavuvi. Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia wamegundua kwamba wengi hawahami hata msimu ukipita. Hukaa mbali kidogo na kwenye kina zaidi. Upande wa mashariki, ghuba ya Chole ina matumbawe yaliyowekwa ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Kisiwani Juani kuna magofu ya Kua, mji ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Kiutawala Mafia si ya Zanzibar. Mwaka 1890 iliangukia upande wa Wajerumani, na leo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Wapangaji wa safari huiacha nje kwa sababu hiyo ya makaratasi, jambo ambalo bahari haina habari nalo.

Hoja nzito dhidi ya haya yote ni usafiri. Bahari kati ya Unguja na Pemba huchafuka, hasa wakati wa kusi, na hakuna Mzanzibari aliyesahau Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama njiani kwenda Pemba na mamia ya watu wakafa. Sitamwambia mtu apuuze hofu hiyo. Jibu langu ni kwamba majira yachaguliwe kama wanavyoyachagua wenyeji: wakati wa maleleji, kusi ikiisha na kaskazi haijashika, bahari hutulia, na chombo kilichojaa kupita kiasi kiachwe kiende. Asiyetaka maji kabisa ana ndege ndogo zinazotua Chake Chake, na nyingine zinazotoka Dar es Salaam hadi Mafia kwa muda wa nusu saa hivi. Mwenye mfuko mwembamba na subira ana kivuko cha Nyamisati hadi Kilindoni. Gharama inaongezeka, hilo ni kweli. Ila mgeni anayelipia usiku wa sita na wa saba katika hoteli ileile ya ufukweni naye analipa, na hapati kipya. Wengine husema Pemba haina fukwe. Wamekosea, maana Vumawimbi ipo, ndefu na mara nyingi haina mtu. Kweli ni kwamba ina hoteli chache, na mikahawa yake hufunga mapema.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ile isemayo kwamba tukiwasifia wageni Pemba na Mafia tutaziharibu kama zilivyoharibika sehemu za Unguja, ambako wanavijiji na mahoteli wanagombea maji ya visima na njia za kushukia pwani. Hatari hiyo ipo. Hata hivyo, kuwarundika wageni wote mahali pamoja ndiko kulikoleta msongamano huo, na si kweli kwamba utalii una sura moja tu. Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar, kimelindwa tangu 1994. Kina vibanda saba tu vya kulala wageni, hutumia maji ya mvua, baadhi ya wavuvi wa zamani wakawa walinzi wa mwamba, na mapato yake hulipia ziara za wanafunzi wanaokwenda kujifunza habari za bahari. Kosa lake ni bei, ambayo mwalimu wa Tanga haiwezi, na kosa hilo si dogo. Misali, magharibi mwa Pemba, kulitumika njia nyingine: wavuvi walihimizwa kuacha uvuvi wa kuharibu kwa mafundisho ya Kiislamu juu ya wajibu wa binadamu kwa viumbe, na wengi waliyasikiliza kuliko walivyosikiliza amri za serikali. Mafia, wanavijiji wanaishi na kuvua ndani ya hifadhi kwa masharti. Hakuna hata mmoja kati ya mifano hii uliokamilika. Inatosha kuonyesha kwamba idadi ya wageni, mahali wanapolala na anayepokea fedha yao ni mambo yanayoweza kuamuliwa kabla hawajafika. Na Pemba, yenye watu wengi na kazi chache nje ya karafuu na uvuvi, haina sababu ya kuambiwa ibaki maskini ili iendelee kupendeza. Anayekwenda ajisitiri kwa mavazi awapo mjini na vijijini, asile hadharani mchana wa Ramadhani, alale kwa wenyeji na kununua kwao. Hayo si masharti magumu kwa msomaji wa Kiswahili.

Mwenye wiki moja, basi, apunguze siku za Unguja na avuke. Oktoba na Novemba zinafaa zaidi: kusi imekwisha, karafuu bado zinaanikwa Pemba, na papa potwe wameanza kuonekana Mafia. Ahakikishe ratiba ya chombo siku moja kabla, maana hubadilika, na asipange kurudi siku ileile anayopanda ndege ya kwenda mbali. Mafia itamfaa apendaye maisha ya baharini kuliko kitu kingine. Wengine wote, kama nafasi ni ya kisiwa kimoja tu cha kuongeza, waende Pemba.