Siyo Umiss, Kaka Yangu!

Simu iliingia saa tano usiku, namba ya Marekani. "Shikamoo shangazi," ilikuwa sauti ya binti wa kaka yangu, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akaanza kulia. Yuko Alabama, kazaliwa huko huko, ana miaka 17. Alitaka kuingia shindano la wasichana wa sekondari linalotoa fedha za kusomea chuo. Baba yake kagoma katakata: "Mwanangu hapandi jukwaani kutafuta umiss."

Hapo nikabanwa. Mie ndiye mhariri wa jarida ambalo mamiss wameshapamba jalada lake mara ngapi sijui. Nimwambie nini kaka, jamani?

Nikaanza kusoma. Shindano linaitwa Distinguished Young Women, na fainali yake ya taifa hufanyika mjini Mobile, huko huko Alabama. Lilianza mwaka 1958 kwa jina la America's Junior Miss. Hilo neno "Miss" ndilo lililomchoma kaka, ingawa liliondolewa mwaka 2010. Vazi la kuogelea hakuna. Wasichana wanapimwa kwa maendeleo ya darasani, mahojiano na majaji, kipaji, mazoezi ya viungo na namna wanavyojieleza jukwaani. Mshindi wa 1963 alikuwa binti wa Kentucky aitwaye Diane Sawyer, ambaye baadaye akawa mtangazaji mkubwa wa habari wa televisheni ya ABC. Jina hilo nilimtumia kaka haraka sana, maana enzi zake alikuwa hakosi kumtazama!

Mume wangu ni mhasibu, hakubabaishwa na Diane. Akageuka kitandani, akauliza: "Hizo hela zinalipwa wapi?" Swali hilo lilituweka macho mpaka saa nane. Kumbe zipo za aina mbili. Kuna fedha za tuzo, ambazo mshindi anazielekeza kwenye ada yake. Halafu kuna nafuu zinazotolewa na vyuo vyenyewe. Hizo, ukienda kusoma chuo kingine, hazikufuati. Ile jumla ya kutisha unayoiona kwenye matangazo inahesabu na hizi. "Ni kama punguzo la dukani," akasema, "unalipata ukinunua hapo hapo." Kwa hiyo, kama una binti au mdogo wako huko, soma masharti kabla ya kushona gauni.

Na mimi nina dukuduku langu. Binti anayeijua kemia vizuri, kwa nini arukeruke mbele ya ukumbi ndipo apate ada? Kwa kweli hilo halijaniingia mpaka leo.

Kilichonigeuza ni yale mahojiano. Sisi tulivyolelewa, msichana aliulizwa "umekula?" na "ulikuwa wapi?" basi. Mara ya kwanza watu wazima kukaa kimya wakasubiri maoni yangu ilikuwa kwenye usaili wa kazi, nina digrii ya mawasiliano mkononi. Wakaniambia nijieleze. Nikataja jina, kabila na shule niliyosoma, kisha nikatazama meza. Kazi ile sikuipata.

Hilo nilimweleza kaka, kila kitu, hata ile meza. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika. Mwishowe akakubali, kwa sharti moja tu: gauni alione kwanza.

Mwanetu alishiriki ngazi ya kaunti. Hakushinda. Nilijiandaa kubembeleza, lakini wiki ile kaka ndiye aliyepiga. Alikuwa amemwuliza binti yake anataka kusoma chuo gani na kwa nini, akitegemea jibu la neno moja, kama kawaida yao.

"Ameongea," kaka akaniambia, "mpaka chai yangu ikapoa."